Sabuni ya Wifi

Sokoni walimwita Bi Povu, na jina lilimkaa. Miaka tisa alitengeneza sabuni kwenye chumba cha uani, na kila Jumamosi aliziuza kwenye soko la kazi za mikono, meza ya kwanza langoni, zimefungwa karatasi ya kaki na uzi wa katani.

Wifi yake, dada wa mumewe, alipoachishwa kazi ya ushonaji, Bi Povu ndiye aliyemshika mkono. Alimfundisha kumwaga kostiki, ile chumvi kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, kwenye maji, si maji kwenye kostiki, na kukoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama mtindi. Zaidi ya yote, kostiki ipimwe kwa mizani, maana ikizidi inababua ngozi.

"Wifi, tunatengeneza sabuni au tunauza dhahabu?" wifi alicheka, akachota kwa kikombe.

Kisha Bi Povu akashikwa na homa, akalala Jumamosi mbili. Aliporudi, alimkuta wifi kwenye meza yake, na karatasi ile ile, na uzi ule ule. Mteja wake wa siku zote alimvuta kando. "Kumbe upo? Tuliambiwa umeacha, eti sabuni zako zilikuwa zinababua watu."

Kuchukuliwa meza angeweza kumeza. Hilo la kubabua lilimkwama kooni.

Alimsogelea wifi, akatabasamu. "Biashara njema, wifi yangu." Akaenda kupanga sabuni zake kule nyuma, karibu na vyoo.

Siku hiyo hiyo alimtuma jirani yake, mfinyanzi wa vyungu, amnunulie kipande cha sabuni ya wifi. Alikilowesha, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kilimchoma kama betri. Kostiki ilikuwa imezidi.

Angeweza kumwambia wifi jioni ile ile. Alinyamaza Jumamosi tatu, akihesabu waliokuja kulalamika kuwa mikono inawasha, na kila mmoja alimfurahisha kuliko mteja.

Jumamosi ya nne soko lilifurika. Bi Povu alikwenda langoni na kipande chake mkononi.

"Wifi, watu wanauliza ya nani inababua. Tumalize leo." Alikilamba kipande chake mbele ya wote, akasubiri, akaonyesha ulimi. "Sasa wewe, lamba yako."

"Acha utoto, wifi. Watu wanatutazama."

"Wacha watazame. Kama ni salama, lamba."

Watu walisogea. Wifi alikosa pa kutokea. Alilamba, macho yakamtoka, akatema kwenye kanga yake mwenyewe. Mtu mmoja akacheka, kisha soko zima. Bi Povu hakucheka. Alisimama akamtazama akikusanya vitu vyake, kipande kimoja kimoja, hadi meza ikabaki tupu.

"Ungenionya," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuonya. Ukaniuliza kama nauza dhahabu."

Mama mkwe hajakanyaga kwake tangu siku ile, na mumewe alikula wiki nzima bila kusema neno. Kuna mama mmoja, mwalimu, alikuja kumwonyesha viganja vilivyochubuka kwa sabuni ya wifi. Bi Povu alimpa sabuni tatu bure, bila kumtazama usoni. Hilo tu ndilo linalomsumbua.

Kuhusu wifi, ukimuuliza Bi Povu, atakwambia bila kupepesa macho kwamba angerudia tena, na safari hii angesubiri Jumamosi sita.