Sehemu ya Msafiri

Mume wangu Élie si mvivu. Nalisema hilo mapema, kabla hamjamcheka. Miaka minane ametunza depo ya Mama Kahambu, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza sukari na mafuta kwa jumla hapa Kisangani, na miaka yote hiyo hakujua likizo inafananaje. Mwezi wa pili mama huyo akampa ghafla wiki nzima apumzike.

Jumatatu alilala mpaka saa nne. Kisha akazurura uani na kaptula yenye tundu, akifunua sufuria zangu na kuniuliza kwa nini sombe, majani ya muhogo, inachukua muda mrefu kuiva. Nilimwambia arudi kulala.

Jumanne simu yake ikalia. Ni baba yake, Papa François, mvuvi wa kule kwenye maporomoko. Tulijua anachotaka. Maji yalikuwa yamepungua, na ukoo wao ulikuwa unasimika miti kwenye miamba ili kufungia migono ya samaki. Kwao, asiyeshika kamba siku hizo hapati samaki wa kwanza. Ni aliye safarini tu anayewekewa sehemu yake, maana kusafiri si kosa.

Élie alinitumbulia macho na kutikisa kichwa. Nami, mjinga mkubwa, nikapokea.

"Papa, Élie iko Yangambi," nikasema. "Patron alimutuma na bateau. Atarudia dimanche." Bosi, meli na Jumapili, vyote nilivitunga papo hapo.

"Ah bon. Mungu amulinde," mzee akajibu.

Tulicheka, sitaficha. Élie aliniita mke mwenye akili, nami nikavimba kichwa.

Ijumaa mchana alikuwa amekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, anatafuna karanga. Nikasikia hodi. Kabla sijajibu, Papa François alikuwa ameshaingia, na kifurushi cha majani mkononi. Kidole chake kimoja kilifungwa kitambaa. Kamba za msituni zilikuwa zimemkata.

Alimtazama mwanawe. Akatazama beseni.

"Nimemuletea Mama Prudence sehemu ya bwana yake," akasema taratibu. Mama Prudence ni mimi; Prudence ni binti yetu. "Samaki ya ule mwenye alisafiri."

Élie aliruka, maji yakamwagika. "Papa, nilichoka tu. Nilikuwa na wiki moja ya kupumuzika..."

"Bon. Ungesema, papa, nimechoka. Hata mie ninachokaka."

Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoumia. Angetukana, ningejua pa kuweka macho. Aliweka kifurushi juu ya kinu, akaomba maji, akanywa, akatuaga. Nilimsindikiza hadi nje.

Barabarani Sylvain alikuwa anamngoja na baiskeli yake ya toleka, ya kubebea abiria. Ni mtoto wa dada yake Élie, na siku tatu zile za kusimika miti aliibeba begani bila mjomba wake.

"Koko, tonton Élie amefika?" akamuuliza babu yake.

Papa François ni mzee wa kanisa. Tangu niolewe sijamsikia akisema uongo, hata wa kumbembeleza mtoto. Alinitazama mimi kwanza, kisha mjukuu wake.

"Bado," akasema. "Angali Yangambi."

"Pole yake. Basi dimanche tutamuombea ku église, arudie salama."

"Ndiyo," mzee akasema, akipanda baiskeli kwa shida. "Mumuombee."

Nilisimama pale kando ya barabara nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Ule uongo wetu wa kipumbavu, sasa ni yeye aliyeubeba, kwa ajili ya heshima yetu.

Jumapili, saa ambayo ukoo mzima ulikuwa kanisani unamwombea mume wangu safari njema, yeye alikuwa chumbani, dirisha limefungwa asionekane, jasho linamtiririka. Sikuwa na uso wa kumwambia afungue.