Asali Iliyokuwa Chungu

Wiki ile mama alipogoma kumeza vidonge vya presha ndiyo wiki kaka yangu alipogundua kwamba asali ni tamu. Ana miaka arobaini na tatu.

Kaka ni mchora mabango, mtaa mzima unamwita Brashi. Utotoni alikuwa mtu wa kuugua, leo kifua, kesho homa, na kikopo cha asali juu ya kabati kilikuwa chake peke yake. Sisi wadogo zake tunameza mate, yeye anakimbizwa kuzunguka nyumba ili alishwe kijiko kimoja. Alisema ni chungu. Tulijua anaringa, na mimi nilimchukia kwa hilo, nakiri.

Sasa, muuza asali mmoja alimpa kazi ya bango la duka. Brashi akachora bakuli la asali limejaa pomoni. Mwenye kazi akaja kuangalia, akatikisa kichwa.

"Fundi, hayo mbona mafuta ya gari?"

Akamwachia chupa ya mfano. Brashi hawezi kuona kitu asikichunguze. Akaiinua dirishani, akaigeuza, akatazama mwanga unavyopita katikati na kufifia pembeni. Akachovya kijiti aone inavyodondoka. Tone likamwangukia kidoleni, na kwa kuwa kitambaa chake kilikuwa kimelowa rangi, akalilamba.

Akaganda. Akalamba tena. Kisha akamfuata muuza asali hadi dukani.

"Umeitia sukari?"

"Mimi? Nitie sukari kwenye asali?" Nusura amnyang'anye kazi.

Jioni akaja nyumbani na chupa yake. Alinikuta nimechoka. Mama alidai vidonge vinamkwama kooni, akawa anavitema kwenye leso na kuvificha chini ya mto. Muuguzi alishatuambia wazi kwamba akiendelea hivyo, tutampoteza. Brashi akanivuta jikoni.

"Mdogo wangu, hebu onja. Asali ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mbona yangu ilikuwa chungu?"

Nikaanza kucheka, halafu kicheko kikakatika. Nilimkumbuka mama amechuchumaa jikoni na vijiko viwili, kimoja ndani ya kingine, kidonge kinavunjika katikati. Nilikuwa nimeona yote hayo na sikuwahi kujiuliza.

"Kaka, ulikuwa unasagiwa dawa humo kwenye asali."

"Kumbe," alisema. Akakaa. "Kumbe!" Nilimwonea huruma, miaka yote hiyo ya kumwita mwenye maringo. Lakini yeye alishahamia kwenye swali jingine.

"Vya mama vinasagika?"

Tukampigia muuguzi. Akasema vinasagika, hakuna ubaya.

Brashi akaponda kidonge kwa mpini wa kisu, kwa mkono uleule unaochora herufi ndogo bila rula. Akakikoroga kwenye kijiko cha asali, akaingia chumbani.

"Mama, nimekuletea asali. Asali tupu."

Mama akamtazama, akakitazama kijiko, akafungua mdomo. Nilisimama mlangoni nikiogopa kweli, maana akitema hiki, sikujua tungefanya nini tena. Alikizungusha kinywani taratibu. Akameza. Akajifuta midomo kwa ile leso yake.

"Hujakisaga vizuri," alisema. "Chako kilikuwa unga kabisa, na bado ulinitemea usoni." Akamrudishia kijiko. "Kesho njoo na vijiko viwili, nikuonyeshe."