Bombani Saa ya Kusoma

Katika shule yetu ya misheni, kando ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mwalimu alisimama mlangoni kila asubuhi akatukagua kucha, masikio na miguu. Aliyekutwa mchafu alitumwa bombani kunawa, na wenzake wakaanza somo la kwanza. Somo la kwanza lilikuwa kusoma. Sijui nani alipanga hivyo, ila hata leo nikimfikiria damu inanichemka.

Mwaka nilioanza shule, mama alilazwa hospitali ya kambi pamoja na mdogo wangu mgonjwa. Baba alikwenda kazini kabla hakujapambazuka, hivyo mimi, mtoto wa kike wa miaka saba, nilijipikia uji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kisha nikajivalisha mwenyewe. Unadhani nilifika shuleni katika hali gani? Bomba likawa darasa langu. Nilisikia wenzangu wakiimba herufi ndani, kama watu walio kwenye harusi ambayo sikualikwa.

Mama aliporudi alinisugua kwa sabuni mpaka nikang'aa. Siku hiyo nilipita mlangoni, nikaketi, na mwalimu akaniita ubaoni. Akagonga neno kwa fimbo. Nilikodoa macho tu. Darasa zima lilicheka, hata yule mwenye funza miguuni ambaye nilizoea kunawa naye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Uchafu niliuzoea; kuonekana mjinga kulinichoma.

Kuanzia kesho yake nilibeba kipande cha makaa mfukoni. Nikikaribia shule nilijipaka mikononi, na mwalimu alinituma bombani. Huko nilikuwa salama.

Hatimaye mwalimu alimwita mama. Mama alikuja amevaa nguo yake ya misa, maana hakuwahi kuitwa na mwalimu, na nadhani alitarajia sifa.

"Mama," mwalimu alimwambia mbele ya darasa, "mutoto yako iko anakuya na buchafu kila siku. Ku nyumba sabuni hakuna?"

Mama alinishika mikono, akaigeuza. Weusi uliishia kwenye vifundo. Juu yake ngozi bado iling'aa mafuta aliyonipaka asubuhi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wangu alikuwa yeye. Alielewa. Nilisubiri anitaje.

"Ni miye, mwalimu," akasema. "Sikumusafisha."

Tulitumwa bombani wote wawili. Alipiga magoti na nguo yake ya misa, akaninawisha polepole, huku ndani wakisoma kwa sauti. Sikuthubutu kumtazama usoni. Aibu ilikuwa yangu, na sasa aliivaa yeye.

"Juu ya nini?" aliniuliza sababu ya makaa yale.

"Mama, sijue kusoma. Bananicheka."

Mama naye hakujua kusoma. Akasawazisha udongo uliolowa kwa kiganja chake.

"Andika moja tu," akasema. "Ile unajua."

Nilinyoosha kidole, kisafi kabisa, juu ya udongo. Sikuwa na hata herufi moja. Kengele ikalia, watoto wakatoka mbio kuja upande wetu. Mama akaufuta udongo haraka haraka, ili wadhani nilikuwa nimeandika kitu.