Tangi la Syokau na Usafi wa Mwethya

Sogea karibu nikueleze habari za Syokau, mwenye hoteli ya chai pale Kambu, kando ya barabara ya Mombasa.

Mutie, mtoto wa kaka yake, alifanya kazi Mombasa, mahali wanapozalisha farasi wa baharini. Ni visamaki hivyo, kichwa kama cha farasi, vinavyosimama wima na kujishikilia kwenye majani kwa mkia. Mwaka wa themanini na tisa akamwahidi shangazi yake wawili, dume na jike, waliozaliwa tangini, si wa kuvuliwa. Sharti lilikuwa moja: tangi liwe tayari, ama apewe mtu mwingine.

Syokau akajiandaa. Tangi refu la kioo akaliweka mbali na dirisha, jua la Kambu lisilichemshe. Mutie akamletea mawe, na maji ya bahari kwa mitungi. Pampu ya hewa ikapuliza taratibu, maana hawa si waogeleaji hodari. Akangoja wiki baada ya wiki, mpaka mawe yakaota utelezi.

"Usiuguse, shangazi," Mutie alimwambia. "Mna vijidudu humo vinavyosafisha maji."

Jumamosi ya kuwapokea wageni hao wawili ikafika. Syokau alipotoka kwenda sokoni, wakaja wanawake wa mwethya, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu. Wakaona ni aibu wageni wapokewe na utelezi! Ndila, kiongozi wao, akagawa kazi. Mawe yakasuguliwa kwa sabuni, maji ya chumvi yakamwagwa, yakajazwa ya mvua kutoka tangi la kanisa.

Syokau akarudi, akaduwaa.

"Syokau, hata asante hakuna?" Ndila akauliza.

"Asante. Mmewaandalia wageni wangu kifo kisafi."

"Ala! Maji matamu yanaua?"

"Hao ni wa chumvi, Ndila!"

"Mgeni anayekataa maji ya kanisa, huyo ana dini gani?"

Wakacheka wote, hata Syokau, huku machozi yakimlengalenga. Mara Mutie akaingia na ndoo. Syokau akachungulia: wawili, wameshikana mikia.

"Nina mtungi mmoja wa maji ya bahari, shangazi. Tujaribu?"

Syokau akayatazama mawe yaliyosuguliwa. "Hapana. Mawe hayana uhai tena. Mpe huyo mwingine."

Ndila hakucheka tena. "Basi tumeharibu pamoja, tutatengeneza pamoja."

Mawe ya sabuni yakatupwa. Mutie akaleta mengine na maji ya bahari, na wanawake wakashika zamu ya kulinda tangi lisisafishwe na mtu. Miezi ikapita, utelezi ukarudi, na Mutie akaleta jozi nyingine. Wakaishi, wakala, wakanenepa. Siku moja Ndila akaona mmoja ana tumbo kubwa.

"Mama kijacho huyo!"

"Huyo ndiye baba," Syokau akamwambia. "Kwao dume ndiye hubeba mimba."

Ndila akaketi chini kwa kicheko. "Mutie! Ukirudi Mombasa, tuulizie waume wa namna hiyo."