Chunusi zangu zilitoka kwenye chupa ya mawese ya Mama (Uvira, miaka ya uasi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma nyuzi nyingi za chunusi, watu wanalaumu karanga na damu chafu. Zangu zina kisa chake. Nitakisema kilivyo, chumvi sitaongeza.

Uasi ulipofika Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, nilikuwa binti wa sekondari. Shule ikafungwa. Rafiki zangu karibu wote wakavuka ziwa na wazazi wao. Tukabaki mimi na Mama, kwa sababu shamba letu la muhogo lilikuwa kwenye njia ya Sange, na bila shamba hatuli.

Kufika shambani lazima upite bariyeri, kizuizi cha barabarani cha wenye bunduki. Pale mabinti walikuwa wanavutwa pembeni. Mnaelewa, sifafanui.

Basi Mama akawa ananipaka. Anachanganya mawese na masizi ya sufuria, ananisiliba uso mzima mpaka shingoni. Nilikuwa nalia.

"Minye siogopi sura mubaya," aliniambia. "Naogopa ile muzuri. Tulia, mutoto."

Na ilisaidia jamani. Wale vijana walinitazama mara moja, wakageuza macho.

Ila walikuwa wanapita hadi majumbani, kwa hiyo hata nyumbani sikuruhusiwa kunawa. Mchana kutwa mafuta, jasho na jua la bonde la Ruzizi. Chunusi zikaanza mashavuni, zikashuka kidevuni, zile kubwa za usaha.

(Umri nao unachangia, najua. Lakini mafuta mazito na masizi yanaziba vinyweleo, ndiyo yaliyonimaliza.)

Nikazitumbua. Nikasugua limau. Ngozi ikaungua, ikabaki na mashimo. Msifanye huu ujinga.

Kanisani benchi likawa langu peke yangu, watu walidhani naambukiza. Wenzangu wa kwaya wakanitania eti ni chunusi za kutamani bwana. Nikacheka nao, halafu nikaacha kwaya. Ikawa naongea na Mama na mbuzi wetu basi. Upweke ule uliniuma kuliko usaha.

Bariyeri ikaja kuondolewa. Mama akaendelea kunipaka!

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi akaniinua kidevu.

"Uko unapakala nini kwa sura?"

"Mawese na masizi."

Hakucheka. Aliniambia niache mafuta, ninawe kwa maji na sabuni laini asubuhi na jioni bila kusugua, nisizitumbue. Akanipa na tyubu ya dawa ya kupaka kidogo jioni. Akanionya kwamba itachukua miezi, na nisikimbilie krimu za kung'arisha za sokoni.

Nikarudi nyumbani, nikachukua ile chupa ya mawese, nikayamimina yote kwenye sombe (kisamvu). Mama aliila. Alijua kupakwa kumekwisha.

Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika, nikataka kukata tamaa. Kisha zikaanza kukauka moja moja.

Asubuhi moja nilikuwa nanawa uani, Mama akasimama mbele yangu. Akanitazama sana. Nilikuwa nimelisubiri neno lake muda mrefu kweli.

"Uko muzuri," akasema.

Alilisema kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kisha akavua kitenge chake mabegani, akanifunika kichwa na uso, akanishikilia hivyo hivyo.

Mama hayupo tena. Mashimo yapo mashavuni. Watu wananishauri nikayafute kwa laser, mimi sitaki.

Nilichojifunza: chunusi ni ugonjwa wa ngozi, si uchafu wala tamaa. Nawa taratibu, acha mafuta mazito, muone mtaalamu, vumilia. Na ukimuona mtu ana sura imeharibika, kaa naye benchi moja.

Je, humu yupo mwingine aliyefichwa hivi na mama yake? Alikupaka nini? Andika hata neno moja. Miaka yote hii sijawahi kukutana na mwenzangu.