Barua Yenye Muhuri

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mpishi aliyaficha miaka tisa. Nje alikuwa mweusi aliyeajiriwa na mshona kofia mweupe. Mlango ukifungwa, alikuwa mumewe. Kila asubuhi alikivuruga kitanda cha chumba cha watumishi, kionekane kimelaliwa, maana sheria ilikataza mweusi na mweupe kuoana, na polisi walikuwa na mtindo wa kuja kupapasa magodoro. Sheria gani hiyo, inayowalipa watu wazima mishahara wakapapase magodoro ya wenzao!

Kilichowaponza ni sufuria. Jirani, mwanamke mmbea kupindukia, alichungulia dirisha la jikoni akamwona mshona kofia anasugua sufuria huku mpishi amekaa anakula.

"Afande, mimi sisemi wamefanya nini," aliripoti kituoni. "Lakini bibi gani anamwoshea mpishi wake vyombo?"

Kwa sufuria peke yake hawakuweza kuwafunga. Mkuu wa kituo akatoa amri: mpishi aachishwe kazi papo hapo, na akionekana tena mtaa ule, wote wawili jela.

"Shukuru sikukukuta kitandani," alimwambia mpishi. "Ungeozea ndani, mbwa wee."

Mshona kofia akaketishwa mezani aandike barua ya kumwachisha, mkuu amesimama nyuma yake akisoma kila neno. Akaandika: "Amekaa kwangu miaka tisa. Sijawahi kumwogopa hata siku moja. Nyumba hii haitapata mwingine kama yeye."

"Inatosha," alisema mkuu, akagonga muhuri, akamtupia mpishi barua. Mpumbavu yule! Aliyapiga muhuri mapenzi yale yale aliyokuja kuyavunja.

Mpishi akahamia kwa dada yake. Wiki saba alibisha milango ya nyuma akitafuta kazi, akifukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni. Mwishowe msimamizi wa jiko la hoteli moja akaonja mchuzi wake, akalamba kijiko.

"Anza kesho. Barua hii ya mwajiri wako inabaki kwenye faili."

"Nikuletee nakala, bwana?"

"Tunataka yenye muhuri. Kama hutaki, wako wengine nje."

Mpishi akaikunja barua, akairudisha mfukoni, akatoka.

Dada yake aliposikia alipandwa na hasira. "Kaka, una wazimu? Barua hailiwi! Watoto wangu watakula muhuri?"

"Najua, dada. Nisamehe. Miaka tisa tuliogopa kuandikiana hata mstari mmoja. Hii ndiyo barua yake pekee niliyo nayo."