Akaunti ya Mama Zamu

Mama Zamu hakuwa mtu wa kubisha hodi kwa unyonge, na maktaba ya chuo kikuu haikuwa na lolote la kumfanya aanze. Siku ya kwanza aliingia na gauni lake jeupe la ukunga, viatu vya kazini vikilia sakafuni, akapita katikati ya vijana ambao baadhi yao, kwa jinsi alivyowaangalia nyuso, huenda aliwapokea duniani yeye mwenyewe. Alipofika kaunta alisema, "Nimekuja kufunguliwa akaunti," kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mzazi kwamba wakati wa kusukuma umefika.

Mkutubi, mwanamume mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, alimfungulia. Akampiga picha, akampa kadi, akamweleza utaratibu: kila kitabu utakachoazima kitaonekana kwenye akaunti yako; muda unaweza kuuongeza kwa simu, hata ukiwa jikoni; ila msomaji mwingine akikiomba kitabu hicho, muda hauongezeki tena, unakirudisha. Mama Zamu aliitikia "ndiyo, ndiyo" huku akiitazama picha yake kwenye kadi. Alikuwa ametoka vizuri. Yale maneno ya mwisho yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Lakini mtu asije akamdharau. Huyu ndiye aliyeiongoza wodi ya wazazi kwa miaka mingi kwa kukaimu tu: kazi ya mkuu alifanya, kiti cha mkuu hakupewa. Kisha hospitali ikatangaza kwamba mkuu wa wodi lazima awe na shahada. Wenzake walidhani atalia. Yeye alijiandikisha chuoni, akayapenyeza masomo katikati ya zamu, na kumwambia mumewe, fundi umeme mwenye mdomo mwepesi, kwamba kuanzia siku hiyo chakula cha jioni ni juu yake. Mume alipika. Aliunguza, lakini alipika.

Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya makabidhiano. Kwake yeye, zamu haikabidhiwi mlangoni na mtu ambaye mkoba keshautia begani. Mnatembea kitanda kwa kitanda, anayetoka anataja, anayeingia anajibu, "Nimepokea." Mama wa kitanda cha dirishani, uchungu umeanza. Nimepokea. Ufunguo wa kabati la dawa. Nimepokea. Chupa ya chai, imebaki nusu. Nimepokea. Ukishalisema neno hilo, kitu ni chako, na kikipotea usimtafute mchawi. Wodi nyingine zililia kuibiwa mikasi kila mwezi. Yake haikupoteza hata kifuniko cha kalamu.

Basi alipoazima kitabu chake cha kwanza, kitabu kinene kuhusu uzazi mgumu, kimejaa michoro ya watoto waliokaa vibaya tumboni, hakukaa nacho peke yake. Wauguzi wenzake walikishangilia kama mgeni aliyeleta zawadi. Wao hawakuwa wanafunzi, na Mama Zamu aliwaambia wasihangaike. "Akaunti yangu inatutosha wote," alisema, akaandika neno la siri kwenye kipande cha plasta na kukibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa. Tangu hapo kitabu kikaingia kwenye makabidhiano. "Kitabu?" "Kipo, muda nimeongeza." "Nimepokea." Sidhani kama kuna kitabu kingine katika maktaba ile kilichowahi kuhudumiwa na wakunga wa zamu zote.

Mambo yalikwenda hivyo kwa raha mpaka Jumatatu moja, wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho wa Mama Zamu. Aliketi kwenye benchi nje ya wodi, akafungua akaunti kwenye simu ili aongeze muda. Simu ikakataa. *Kitabu hiki kimeombwa na msomaji mwingine. Tafadhali kirudishe kabla ya mwisho wa Ijumaa. Baada ya hapo akaunti itafungwa.* Na mwenye akaunti iliyofungwa, karatasi yake ya mtihani haipigwi muhuri na maktaba, na asiye na muhuri wa maktaba haingii chumba cha mtihani. Akikosa mtihani ule atasubiri mwaka mzima, na kile kiti alichokipigia mbio, tetesi zilisema, kilikuwa na mwingine anayekimezea mate kutoka wodi ya upasuaji.

Aliingia wodini. "Kitabu kiko wapi?"

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kitabu hakipo. Sista Mrefu, msaidizi wake, alisema alikabidhi kwa zamu ya mchana. Zamu ya mchana walisema walikiweka juu ya kabati. Waliokuja baadaye walisema juu ya kabati walikuta vumbi. Muuguzi mdogo aliyeitwa Kimya, binti mwenye mikono mizuri kuliko wote na sauti ya mtu anayeongea kwenye blanketi, alikuwa anakunja mashuka na hakusema kitu. Lakini Kimya kutosema kitu haikuwa habari.

"Nani alisema 'nimepokea' mwisho?" Mama Zamu aliuliza. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Akawaka. Aliwaambia kwamba kama wangekuwa wanapokea watoto namna hiyo, mji mzima ungekuwa hauna watu. Hakuwaambia habari ya akaunti kufungwa, wala muhuri, wala mtihani. Aliona kusema hivyo ni kuomba huruma, na huruma yeye alizoea kuigawa, si kuipokea.

Kesho yake alikwenda maktaba akiwa amejifunga kibwebwe.

"Nitajie huyo aliyekiomba," alimwambia mkutubi. "Nitazungumza naye kiutu uzima."

"Hatutaji, mama."

"Hata jinsia?"

"Hata jinsia. Na yeye akija kuniuliza ni nani anacho, nitamjibu hivyohivyo."

Hilo Mama Zamu alilijua. Wodini kwake pia, ndugu wangeweza kuja na vikapu na vilio, hakuna aliyeambiwa nani amelazwa kitanda kipi mpaka mgonjwa mwenyewe akubali. Ukuta aliogonga ulikuwa wa matofali yaleyale aliyojengea wa kwake.

"Nakala nyingine?"

"Ni hiyohiyo moja. Kwani mama, kitabu hunacho?"

"Ninacho," alisema Mama Zamu. "Kiko wodini. Kwa wenzangu."

Mkutubi aliivaa miwani, ishara mbaya. "Mali bila daftari hupotea bila habari, mama. Daftari letu linasema kiko kwako. Sisi tunakujua wewe tu."

"Na mimi najijua," alijibu, akaondoka kichwa juu. Lakini ngazi za maktaba alizishuka polepole kuliko alivyozipanda.

Nyumbani mumewe alimwekea sahani mezani na kumsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akashindwa kujizuia. "Ndiyo wakasema wahenga, nguo ya kuazima haistiri maungo. Sasa wewe umeazima, ukaazimisha, na walioazima wakaazimana."

"Cheka. Mtihani ukinipita utapika mwaka mwingine."

Kicheko kikamkauka. Akavuta kiti. "Umewaambia wenzako kwamba ukikikosa hufanyi mtihani?"

"Nimewauliza kitabu kiko wapi."

"Sikuuliza hivyo, mke wangu. Mimi nikiitwa nyumba yenye giza, mtu ananiambia 'kuna shida,' sijui pa kuanzia. Akiniambia 'nina mgonjwa ndani, mashine yake imezimika,' hata jirani atanishikia ngazi."

Mama Zamu alisema chakula kina chumvi nyingi. Hakikuwa na chumvi nyingi.

Jumatano alipekua kabati, stoo na chumba cha kufulia. Alhamisi akapekua tena palepale, maana mtu akikosa pa kutafuta hutafuta alipokwisha kutafuta. Alifungua hata sanduku la mizani ya watoto. Ijumaa asubuhi, wauguzi wa zamu mbili walipokusanyika kwa makabidhiano, walimkuta amesimama katikati ya wodi bila kalamu mkononi, na hilo peke yake liliwatisha.

"Nina jambo la kukabidhi," alisema. Sauti yake haikuwa ya kusukuma. "Kile kitabu kisiporudi leo, akaunti yangu inafungwa. Ikifungwa, Jumatatu sifanyi mtihani. Nimesoma nikiwa nimesimama, nimesoma jikoni, nimesoma nikiwasubirisha ninyi chai. Naogopa. Sijawahi kuwaambia kwamba naogopa kitu, basi leo nawaambia. Nisaidieni."

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha kwenye kitanda cha karibu alisema, "Pole, sista."

Ndipo Kimya akauweka mkoba wake juu ya meza, akatoa kitu kilichoviringishwa kwa taulo la mtoto, akakifunua taratibu kama anavyofunua mtoto anayelala. Kitabu.

"Ninacho mimi," alisema. "Na niliyekiomba ni mimi."

Sista Mrefu alipiga kelele, "Wewe?" Na kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu, hata mtoto aliyekuwa analia aliacha.

"Unacho, halafu ukakiomba?" Mama Zamu aliuliza. "Mtu anaombaje kilichomo mkobani mwake?"

"Nilikipokea kwa zamu, sista. Nilisema nimepokea, ila hakuna aliyenisikia." Maneno yakaanza kumtoka mengi kuliko aliyowahi kuyasema wodini tangu aajiriwe. "Nilitaka kwenda kusoma kama wewe, mwaka ujao. Nikapita maktaba, nikauliza. Wakaniambia hospitali yetu ni ya kufundishia, muuguzi yeyote anafunguliwa akaunti ya msomaji wa nje. Wakanipa kadi. Nikatafuta kitabu hiki kwenye simu, nikaona sehemu ya kuomba, nikabonyeza. Nilidhani kitahama tu kutoka kwako kije kwangu. Nilitaka nikisome kikiwa kwa jina langu."

"Na wiki nzima unaniangalia natafuta?"

"Ulivyowaka, niliogopa. Nikasema nikikupa utaniuliza mwombaji ni nani, na uongo siuwezi. Sikujua kuna kufungiwa, sista. Wallahi sikujua. Nilidhani unakitaka usome tu."

Wote walimtazama Mama Zamu wakingoja radi. Radi ilikuwepo, hilo lisifichwe, aliisikia inapanda. Lakini lililomchoma zaidi halikuwa kitabu. *Muuguzi yeyote anafunguliwa akaunti.* Aliyesimama kaunta ile mara nyingi kuliko wote alikuwa yeye, na hakuwahi kuuliza. Alifurahia kuwa mlango wa wodi nzima, akasahau kwamba watu wangeweza kuwa na milango yao. Iliuma. Na chini ya kuuma pale kulikuwa na kitu kingine, kitu cha joto, kile anachokihisi mkunga pale mtoto aliyekaa vibaya anapogeuka mwenyewe.

"Lete kadi yako nione," alisema.

Kimya alimpa. Mama Zamu aliitazama picha. "Umetoka vibaya," akasema. "Ungeinua kidevu. Zamu ikiisha tunakwenda wote."

Kabla ya kutoka, alifungua kabati la dawa na kukibandua kile kipande cha plasta. "Wengine wote, wiki ijayo, kila mtu na kadi yake," alisema. "Sitaki kusikia kwamba hamkuambiwa."

Walifika maktaba jua likiwa bado juu. Mkutubi alimwona Mama Zamu, akamwona na binti aliyesimama nyuma yake, na uso wake ukabaki uleule wa mtu asiyejua lolote. Mama Zamu alimheshimu kwa hilo. Kitabu kilipitishwa chini ya mashine, ikalia mara moja. "Akaunti yako haina kitu, mama. Muhuri utapata sasa hivi." Mkutubi akaigonga muhuri karatasi yake ya mtihani, kisha akaichukua kadi ya Kimya, akakipitisha kitabu tena bila hata kukiondoa juu ya kaunta. Mashine ikalia mara ya pili.

Mkutubi alikisukuma kitabu kwa Kimya, lakini Mama Zamu aliweka kiganja juu yake.

"Kitabu," alisema, akamkazia macho binti. "Kizima. Kurasa zote zipo."

"Nimepokea," Kimya alinong'ona.

"Sijasikia."

"Nimepokea!"

Vichwa viliinuka meza zote hadi dirishani. Mkutubi aliweka kidole mdomoni, lakini alikuwa anacheka. Kimya alikikumbatia kitabu kifuani, machozi yakimlengalenga, akatangulia kuelekea mlangoni kwa mwendo ambao wodini hawajawahi kuuona.

Mama Zamu alibaki nyuma kidogo. Akatoa simu, akafungua akaunti yake, nyeupe na tupu, akabonyeza mahali fulani, akairudisha mfukoni. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na sura ya watoto waliotanguliza miguu hakuwa ameimaliza.

Walikuwa wanashuka ngazi simu ya Kimya ilipolia. Alisoma, akasimama, akasoma tena.

"Sista! Kitabu changu kimeombwa na msomaji mwingine. Hata ngazi sijamaliza! Ni nani huyo?"

Mama Zamu hakupunguza mwendo.

"Maktaba," alisema, "hawataji."